Siku Mashine Ilipouvisha Mchele Maganda

Naapa kwa macho yote mawili ya Santa Lucia, yale anayoyabeba kwenye sahani, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu na sijaongeza hata punje. Wanaonijua watacheka. Waache wacheke. Nimeendesha lori la ushirika wetu wa umeme miaka thelathini na moja, na mtu anayeendesha lori la nguzo kwenye barabara za Bikol, huku kwetu Ufilipino, hana muda wa kutunga uongo. Muda wote anasali.

Kisa chenyewe si changu. Ni cha Jovelyn Tabernilla, na kilitokea Talahiban, ng'ambo ya mto, mwaka ule kimbunga kilipopita siku ya Watakatifu Wote kikaangusha nguzo mia nne na sita. Ukitaka kuujua upepo ule, uling'oa paa la shule moja ukalitua juu ya shule nyingine, likakaa sawasawa bila msumari, na hadi leo liko pale.

Jovelyn alikuwa na miaka ishirini na saba, fundi wa laini kwa majaribio. Kabla ya hapo alikuwa amesoma mita miaka sita, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Mbwa wote wa wilaya alikuwa akiwajua kwa majina, na wao walikuwa wakimjua kwa ladha. Alipoomba kupanda nguzo watu wa ofisini walidhani anatania. Hakuwa anatania. Alinunua viatu vya kupandia kwa fedha yake mwenyewe, vikiwa vikubwa kwa namba mbili, akavijaza soksi.

Mfukoni mwa shati lake, ndani ya mfuko wa plastiki, alibeba fomu ya kuthibitishwa kuwa fundi kamili. Sahihi tatu zilikuwa tayari. Ya nne, ya msimamizi wa kikosi, Manoy (ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa) Crispulo Abiera, ilikuwa haijawekwa, na fomu ilikuwa inaisha muda siku ya Ijumaa. Ikikosa sahihi, Jumatatu Jovelyn anarudi kwa mbwa.

Manoy Crispulo alikuwa mtu wa aina yake. Mfupi, mpana, na sauti kama jenereta baridi. Alikuwa na sheria moja, nayo aliipata kwa wazee waliomfundisha: fundi hasainiwi mpaka awashe swichi yake ya kwanza mbele ya watu. Si kwenye uwanja wa mazoezi, hapana. Mbele ya kijiji kilichokaa gizani. Kijiji kikiwaka, fundi anapewa sahani ya kwanza ya chakula kabla ya padri na kabla ya kapteni wa kijiji, na tangu hapo anaitwa kwa jina la kijiji kile. Manoy Crispulo mwenyewe wenzake walikuwa wakimwita Bagakay, kwa kijiji alichokiwasha akiwa na miaka kumi na tisa.

"Sina neno na wewe kuwa mwanamke," alimwambia Jovelyn siku ya kwanza. "Nina neno na wewe kuwa mwepesi. Upepo ukivuma tutakuokota wilaya ya jirani."

"Nguzo hazijawahi kulalamikia uzito wangu, Manoy," alijibu Jovelyn. "Wako nasikia zinaulilia tangu asubuhi."

Kikosi kizima kilitazama chini ili Manoy Crispulo asione meno. Lakini yeye mwenyewe alipinda mdomo kidogo, na kwa Manoy Crispulo hilo lilikuwa sawa na kuanguka kwa kicheko.

Talahiban walikaa gizani siku arobaini na moja. Giza wangelivumilia. Kilichowaua ni mpunga. Walikuwa wamevuna mapema kukwepa kimbunga, wakaujaza ghalani kwa Ka Delfin, mwenye mashine pekee ya kukoboa iliyobaki ng'ambo ile ya mto. Injini ya dizeli ilimezwa na mafuriko. Ilibaki mota ya umeme, kubwa kama ndama, ya umeme wa njia tatu, unaokuja kwa waya tatu kwa pamoja, na umeme haukuwapo. Mpunga ulianza kutoa joto, kisha harufu. Watu walikuwa wakila mihogo huku wamekalia chakula chao wenyewe.

Jumatatu ya wiki ile Jovelyn alipewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Waya tatu zilizovuka mto zilikuwa zimelala matopeni, zimesukana kama nywele za mtoto aliyetoka kulala. Kabla ya kuzikata na kuvuta mpya, ilibidi ajulikane nani ni nani: waya wa kwanza upande huu ni upi upande ule. Alizifuata kwa mikono, moja moja, maji yakimfika kifuani, kutoka nguzo ya kanisa hadi nguzo ya ng'ambo. Kila alipomaliza moja alifunga kitambaa kwenye ncha zake mbili, rangi ile ile huku na kule. Nyekundu, njano, bluu. Fundo lake lilikuwa la kwake, dogo, gumu, lililokazwa kwa meno. Jioni alikuwa na midomo yenye ladha ya tope na vitambaa sita vilivyofungwa sawasawa.

Upande wa kanisa, ncha zile tatu ziliachwa zimeegeshwa kwenye nguzo, usawa wa kifua cha mtu, zikingoja waya mpya. Jumanne kikosi kikavuka mto kuvuta waya mpya, kila mmoja umepakwa rangi ya kitambaa chake cha ng'ambo, na Manoy Crispulo akaacha mtu mmoja wa kuaminika azilinde ncha hizo.

Sasa, Talahiban ni ya Santa Lucia, na sikukuu yake ilikuwa Ijumaa ile ile. Mwenyekiti wa kamati ya mapambo alikuwa Manay, yaani dada mkubwa, Pacencia Oliquino, mwanamke aliyepamba kanisa lile miaka arobaini na asiyeweza kuona kitu kimening'inia vibaya akapita. Akaja na kikapu chake cha pini na bendera za karatasi. Akaviona vitambaa vitatu kwenye nguzo iliyo mbele ya mlango wa kanisa. Akashukuru moyoni kwamba hata watu wa umeme wamemkumbuka mtakatifu. Ila njano ilikuwa katikati, wakati bendera zake zote, kutoka mnarani hadi barabarani, zilikuwa na nyekundu katikati. Hilo halikuvumilika. Akafungua nyekundu, akafungua njano, akavibadilishana mahali, akavifunga upya kwa mafundo ya maua, yale ya kwenye zawadi ya harusi. Akarudi nyuma hatua tatu, akaridhika, akaenda zake.

Jumatano Manoy Crispulo alipanda nguzo ya kanisa mwenyewe kuunganisha. Alikuwa amefikia umri wa kuhitaji miwani na hakuwa amefikia umri wa kukubali. Rangi aliziona. Mafundo hakuyaona. Nyekundu akaitia kwa nyekundu, njano kwa njano, bluu kwa bluu, akashuka akifuta jasho, akasema, "Safi."

Alhamisi saa nne asubuhi kijiji chote kilikuwa nje ya mashine ya Ka Delfin. Kapteni wa kijiji alikuwa amevaa barong nyeupe, shati la sherehe, aliyoikopa kwa shemeji. Akina mama walikuwa na nyungo. Ka Delfin alikuwa ameshamimina gunia zima la mpunga mdomoni mwa mashine na mkanda uko kwenye mota, tayari.

Jovelyn alitazama mkanda ule.

"Manoy," alisema pembeni, kwa sauti ya chini. "Tuutoe mkanda kwanza. Tuijaribu mota ikiwa tupu, tuone inazunguka upande gani."

"Vitambaa nani alifunga?"

"Mimi."

"Huviamini?"

"Naviamini. Ila mota haivijui vitambaa."

"Mimi nimefuata vitambaa miaka thelathini havijanidanganya hata siku moja," alisema Manoy Crispulo. "Watu wamengoja siku arobaini na moja. Unataka tuwaambie wangoje tena kwa sababu fundi wao ana wasiwasi? Panda. Ni swichi yako."

Alipanda. Kutoka juu aliona mto, paa la shule lililohama, nyuso mia tatu zimeinuliwa kama sahani. Aliinua fimbo ndefu ya njano, akasukuma fyuzi ya kwanza ikakaa. Ya pili. Ya tatu. Taa ya barabarani mbele ya kanisa ikawaka mchana kweupe na mtu mmoja akaanza kulia. Ka Delfin akabonyeza kifungo.

Mashine ilizunguka kinyumenyume.

Naomba msomaji akae vizuri hapa. Mpunga ulioingia kwa mdomo ulitokea kwa mdomo, ukaruka hadi darini. Pumba zilizokuwa zimelala ndani tangu mwaka jana zilipulizwa nje zote kwa mkupuo mmoja, zikamtulia kapteni, barong na mtu wake, akawa kama andazi lililoviringishwa unga tayari kukaangwa. Feni za nyumbani kijiji kizima zikaanza kunyonya badala ya kupuliza, mapazia yakaingia ndani, na kofia ya mzee mmoja mpaka leo haijulikani ilikokwenda. Na debe la mchele mweupe, ambao Ka Delfin alikuwa ameuweka chini ya mashine kwa kuonyesha wageni, ulinyonywa juu, ukapita ndani, ukatoka upande wa pili ukiwa umevaa maganda yake yote, kila punje na ganda lake, na baadhi zilikuwa zimeanza kudai shina.

Kisha mkanda ukachomoka.

Jovelyn alikuwa bado juu ya nguzo. Alizitoa fyuzi zote tatu kwa fimbo, taratibu, moja baada ya nyingine, kama alivyofundishwa. Taa mbele ya kanisa ikazimika. Sauti waliyoitoa watu mia tatu haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeonyeshwa chakula kikaondolewa, na ilimwingia kuliko tusi.

Aliposhuka, Manoy Crispulo alikuwa amesimama mbele ya wote, shingo imejaa damu.

"Nani alifunga vitambaa?" aliuliza, safari hii kwa ile sauti ya jenereta.

Fomu ilikuwa inamchoma kifuani. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema niliomba tujaribu, ukakataa, na kikosi kizima kilisikia.

"Mimi," alisema. "Waya mbili zimebadilishana mahali. Mbili kati ya tatu zikipishana, mota inarudi nyuma. Ni kazi ya dakika arobaini, Manoy. Naomba umweke mtu hapa kwenye swichi, asiiguse yeyote."

Hakungoja ruhusa. Alitembea hadi nguzo ya kanisa na kijiji chote kikamfuata, kapteni akidondosha pumba njiani. Akiwa chini, kwa fimbo ile ndefu, alipima kama waya zimekufa. Alipima mara ya pili. Akazifunga zote tatu kwa waya wa ardhini, ili hata mtu akikosea kule mwisho asiuawe yeye huku. Ndipo akakaza mkanda kiunoni na kupanda.

Juu kule vitambaa vilikuwa bado kwenye viungio, maana kwetu havitolewi mpaka taa ziwake. Akavitazama. Bluu ilikuwa na fundo lake, dogo, lenye alama ya meno. Nyekundu na njano zilikuwa na maua.

Alitazama chini. Katikati ya watu, na kikapu mkononi, alimwona Manay Pacencia anatabasamu, kidevu juu, kama mtu anayengoja kupongezwa.

Jovelyn akaelewa yote kwa mara moja. Na hakusema. Siku ya mkesha wa sikukuu yake, baada ya miaka arobaini ya kupamba, mbele ya watu waliokula mihogo? Alitoa koleo mfukoni akaanza kulegeza.

"Binti," aliita Manay Pacencia kutoka chini. "Usiniharibie hayo maua. Yalikuwa yamekaa ovyo, nimeyapanga mimi mwenyewe juzi."

Hakuna aliyecheka. Nadhani kila mtu alikuwa anaunganisha mambo kichwani. Manoy Crispulo alimtazama Manay Pacencia, akatazama nguzo aliyoipanda mwenyewe, akatoa miwani kutoka mfuko ambao hakuna aliyejua una miwani, akaivaa. Akatazama juu, fundo kwa fundo.

"Ni mafundo mazuri, Manay," alisema hatimaye. "Mimi ndiye niliyepaswa kuyaona."

Jovelyn alizibadilisha waya mbili, akaziunganisha, akazikaza hadi mikono ikauma. Alishuka. Aliondoa waya wa ardhini mwenyewe. Walipofika tena kwa Ka Delfin, yeye ndiye aliyetoa amri, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Manoy, ushike mkanda. Usirudi kwenye mota mpaka niseme mimi."

Manoy Crispulo Abiera, aliyekuwa hajaamriwa na mtu tangu jeshini, alichukua mkanda ule akaukumbatia kifuani kama mtoto mchanga, akasimama kando.

Akapanda tena nguzo ya swichi. Fyuzi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ka Delfin akabonyeza. Mota tupu ikaguna, ikazunguka, na Jovelyn, aliyekwisha kushuka, akapiga magoti kuitazama kutoka pembeni, mpaka akaridhika kwamba mshale uliochorwa juu yake na mzunguko wake vinakwenda pamoja.

"Zima. Rudisha mkanda."

Mashine ilipoanza safari hii ilitoa mlio ambao watu wa Talahiban waliukosa siku arobaini na moja. Kwanza vumbi. Kisha punje chache zilizovunjika. Kisha mchele, mweupe, moto, ukishuka kwenye debe bila kukatika. Akina mama hawakupiga makofi. Walisogea na nyungo zao na kuanza kazi.

Sahani ya kwanza ililetwa kabla ya adhuhuri: wali wa mchele ule ule, na laing, majani ya magimbi yaliyokolea tui na pilipili mpaka macho yanatoka machozi. Aliyeileta ni Manay Pacencia. Alimpita kapteni, akampita padri, akamkabidhi Jovelyn kwa mikono miwili.

Manoy Crispulo alingoja amalize kula. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete hiyo karatasi."

Aliisaini juu ya boneti la lori, miwani puani, akibonyeza kalamu kana kwamba anachonga. Chini ya sahihi palikuwa na nafasi ya maoni. Aliandika kwa herufi kubwa: ALIOMBA KUJARIBU. NILIKATAA. ALIKUWA SAHIHI. Kisha akageuka kwa kikosi.

"Kuanzia leo huyu ni Talahiban," alisema. "Anayetaka kumwita Jovelyn aombe ruhusa."

Hapo ndipo nilipofunga daftari asubuhi ya leo. Nilikuwa nikiwasomea mafundi wapya kumi na mmoja kwenye kibanda cha kinalas, tambi za mchuzi mzito, mbele ya lango la ushirika, nao walikuwa wametulia vizuri, vijiko hewani. Sikuona kwamba msimamizi wao amesimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa. Msimamizi wao sasa ni Talahiban. Mwaka wa tisa huu tangu siku ile.

"Umesoma vizuri, Manoy Onsoy," alisema. "Feni za nyumbani ni za njia moja. Waya zikipishana hazijui wala hazijali. Hakuna pazia lililonyonywa."

"Labda ilikuwa upepo," nilisema.

"Na mchele haukuvaa maganda."

"Baadhi ya punje."

"Hakuna punje." Alivuta kiti akakaa. "Lakini hayo si kitu. Wanafunzi wangu wamesikia kwamba Manoy Crispulo aliacha mtu wa kuaminika alinde ncha za waya. Naona umesahau kumtaja jina."

Vijana kumi na mmoja waliniangalia. Nilitafuta kitu ndani ya bakuli langu, sikukipata.

"Alikuwa dereva," nilisema.

"Dereva gani?"

"Wa lori."

"Lori tulikuwa nalo moja, Manoy."

Basi. Manay Pacencia alikuja na kikapu, na juu ya kikapu palikuwa na suman sita za moto, wali wa kunata kwenye jani la mgomba, na mimi sikuwa nimekula tangu alfajiri. Aliniuliza kama ni vibaya akiviweka sawa vile vitambaa. Nilikuwa na suman mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa. Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa, nilimshikia pini.

Hayo niliyasema kwa sauti, mbele ya wote, neno kwa neno kama nilivyoandika hapa.

"Ulijua lini?" nilimuuliza.

"Siku ile ile. Majani ya mgomba yalikuwa kwenye kiti cha lori. Sita."

"Miaka tisa hukusema."

"Ulikuwa umebakiza miaka minne ustaafu, wangekufukuza. Na mimi nilikuwa nimeshasainiwa," alisema Talahiban, akinywa kahawa yake. "Ila leo umewaapia vijana wangu kwa macho ya mtakatifu, na kesho nawapandisha nguzo. Wanatakiwa kujua kwamba waya haulindwi kwa macho ya mtu mwenye njaa. Andika hivyo mwishoni. Halafu walishe."

Nimeandika. Na nimelipia bakuli kumi na mbili za kinalas, kila moja na yai lake, na la Talahiban mawili. Mwenye kibanda hakukubali kunikopesha, kwa hiyo nimelipa hadi nauli: nimeondoka nyumbani kwa pikipiki ya kukodi na nimerudi kwa miguu.